Pango Lilelile

Anayeumizwa na mwendelezo wa hadithi ni yule aliyeipenda hadithi ya kwanza. Dragon Age: Origins, mchezo wa video wa njozi uliotoka Novemba 2009, ulimpa mchezaji nchi nzima ya kuzunguka na maamuzi mazito ya kubeba. Dragon Age II ulifuata Machi 2011, miezi 16 tu baadaye, na haraka hiyo ilionekana: karibu hadithi yote ilibanwa ndani na kandokando ya mji mmoja, Kirkwall, na pango lilelile lilirudishwa tena na tena, safari hii mlango huu umezibwa, safari nyingine ule. Wahusika walikuwa hai kweli, hasa Varric, msimuliaji wa hadithi hiyo, na hilo ndilo lililozidisha uchungu, maana watu wazuri namna ile walistahili dunia pana zaidi. Hapa Songwa, jirani na almasi za Mwadui, mchimbaji huanza shimo jipya kwa sababu hajui kilichomo. Mimi, ndani ya mchezo ule, niliingia pango la tano nikiijua kona ya mbele kabla sijaifikia.