Jicho Linapoushika Mwili

Kijana wa miaka 22 amesimama mbele ya beseni, mswaki mdomoni, mguu mmoja juu. Hatikisiki. Mwambie afumbe macho: kifundo cha mguu kinaanza kuhangaika, vidole vinang'ang'ania sakafu, mkono unatafuta ukuta. Si mgonjwa. Amepokonywa mhimili mmoja tu kati ya mitatu.

Mihimili hiyo ni macho, kiungo cha usawa kilichomo ndani kabisa ya sikio, na hisia zitokazo kwenye nyayo, misuli na maungio. Ubongo huisikiliza yote kwa pamoja, lakini jicho lina sauti kubwa.

Mwaka 1974 watafiti David Lee na Eric Aronson walichapisha matokeo ya jaribio la kustaajabisha. Walitumia chumba ambacho kuta zake zilisogea huku sakafu imetulia tuli. Watoto waliojua kusimama juzijuzi tu waliyumba, wengine wakaanguka, na hakuna aliyewagusa! Watu wazima walipojaribiwa nao waliyumba, ila kwa kiasi kidogo zaidi.

Ndiyo maana simu inatia wasiwasi. Kijana akiiinamia, kichwa chenye uzito wa takriban kilo 5 hutangulia mabega na shingo ikabeba mzigo. Macho nayo yamezama kwenye kioo kidogo, hayana nafasi ya kuusaidia mguu.

Basi anayeshuka ngazi au kuvuka barabara asubuhi hii, aweke simu mfukoni, atazame mbele.