Kama Unajua, Cheza Tuone

Kuna hoja moja imenichosha, na majuzi imemwondolea riziki mtu ninayemheshimu. Katika ukumbi mmoja wa pool hapa Kisumu Ndogo, Kibera, mzee aliyekuwa akiwafundisha vijana aliambiwa na kijana mwenye mdomo: kama unajua, cheza tuone. Kiganja cha mzee hakijakaa sawa tangu alipoanguka kwenye kazi ya mjengo. Alicheza, akafungwa. Kufikia jioni wanafunzi walikuwa wamemhamia aliyemfunga, na mwenye meza akamwambia mzee asiwazibie wateja njia.

Maana za maneno zisitucheleweshe. Mwalimu humfanya mwingine aweze. Mchezaji hodari hushinda. Mwanafalsafa Gilbert Ryle alishaandika mwaka 1949 kuhusu tofauti ya kujua jambo na kujua kulitenda, anayetaka akamsome. Pingamizi za haki pia zipo: mwanafunzi anahitaji kuona kwa macho fimbo ikipita sawa, na woga wa mpira mweusi wa mwisho, pesa za watu zikiwa zimewekwa, haufundishiki na asiyeuonja. Nakubali.

Ila hii ya “cheza tuone” siikubali hata kidogo. Inajifanya swali, kumbe ni mtego, kwa sababu jibu lake linapima kitu kingine kabisa. Mzee alikuwa akiwafundisha kwamba mpira mweupe ukifika ukiteleza bila kubiringika, kisha ukaugonga mwingine kwa pembeni, njia zao huachana kwa digrii 90 hivi. Ukilijua hilo, unajua mweupe utaelekea wapi kabla hujainama. Aliyemfunga hulifanya kila siku, lakini muulize, atakuambia, “We angalia tu.” Mwanafunzi akikosa, anamwonyesha tena, akikosa tena, anamwonyesha kwa haraka zaidi, sasa na kejeli. Mzee alikuwa akimshika mtoto kiwiko: kinatoka nje, ndiyo maana fimbo inapinda. Nani kati yao alikuwa akifundisha?

Tena angalieni hoja hii hutupiwa nani. Brother Colm O'Connell alifika Iten kutoka Ayalandi mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's, na hakuwa mwanariadha, ila akawanoa wakimbiaji. Mwanafunzi wa shule hiyo, Peter Rono, akatwaa dhahabu ya mita 1500 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. David Rudisha, aliyenolewa naye, akakimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 London mwaka 2012. Nani alimwambia Colm avae njumu ashindane na Rudisha kwanza? Kumwambia hivyo kungekuwa ukichaa. Kwa mzee wetu kulionekana haki, na sababu naziona mbili: meza ipo hapo hapo na tokeni ya kuchezea ni bei ndogo, kwa hiyo kumdhalilisha hakugharimu kitu, na mzee ni wa hapa hapa, tunajua nyumba yake na deni lake dukani. Kwenye snuka, Frank Callan, muuza samaki wa Lancashire, aliendewa na mabingwa akina Steve Davis na Stephen Hendry. Hapa muuza omena akikurekebisha mkono, utacheka.

Halafu meza zenyewe! Hili huwa silimalizi. Sakafu zetu hazijanyooka, miguu ya meza imeinuliwa kwa vipande vya mbao, na baada ya mvua kitambaa kinakuwa kizito. Kila meza ina shimo linalovuta. Bingwa wa ukumbi ule hupiga taratibu kuelekea kona ya mlangoni akijua mteremko utamalizia kazi. Mpeleke Kawangware kwenye meza nyingine uone atakavyohangaika gemu tatu za kwanza. Basi ushindi wake ulithibitisha nini? Kwamba anaujua mchezo, au kwamba anaijua ile meza?

Kinachonikwamisha ni kijana mwenye hela ya gemu moja tu. Atamjuaje mwalimu wa kweli kabla hajafundishwa? Mwalimu hupimwa kwa wanafunzi wake, na wanafunzi hukomaa kwa miezi. Colm alikuwa na kazi ya ualimu na shule nzima ya wavulana, aliweza kungoja. Mzee alilipwa kwa siku, na huyo kijana alitaka ushahidi siku hiyo hiyo. Ushahidi wa siku hiyo ulikuwa mmoja tu, nao ndio huu ninaoutukana. Sijampatia mwingine wa kushika mahali pake. Na wale waliohama, nikiwaangalia sasa, wawili wanacheza vizuri kuliko zamani. Mwalimu wao mpya anajisifu kwa hilo, na sina namna ya kumwonyesha ni sehemu gani si yake.