Kimya cha Samehe

Filamu ya Maangamizi ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, inamweka katikati mwanamke asiyesema. Samehe amelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akibeba jeraha la utotoni. Daktari Asira, Mmarekani mweusi, anamjia na utaalamu wake, lakini anayemfikia hasa ni Maangamizi, bibi wa kale kutoka kwa wahenga. Picha zinaingia njozini na kutoka bila kupiga hodi. Mwenye kutaka hadithi iliyonyooka atachoka mapema, na ni kweli kwamba pengine daktari amepewa nafasi kubwa kuliko mgonjwa wake.

Swali lenyewe halichoshi: msichana aliyenyamaza ana nafsi yake tayari, au anasubiri kupewa na wenzake?

Pale Kilakala, Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, swali hilo lina wenyewe. Waluguru wa huko huhesabu ukoo kwa mama, na binti akivunja ungo huwekwa ndani. Mwali hainui macho mbele ya watu. Husemeshwa kwa nyimbo na mafumbo, naye husikiliza. Siku ya kutolewa hubebwa mabegani, ngoma zinalia, na macho yote ni kwake. Siku hizi ratiba ya shule imekula muda mwingi wa kukaa ndani. Katika Kilakala hiyohiyo masista wa Maryknoll waliendesha Marian College, ambayo leo ni Shule ya Sekondari ya Wasichana Kilakala. Bwenini binti alitakiwa kunyoosha mkono na kujibu. Njia mbili zisizopatana, ila zote zinaanza kwa kumtoa binti machoni pa watu, na zote zinaamini kwamba hajiumbi mwenyewe.

Mwanafalsafa John Mbiti aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1969: mtu yupo kwa kuwa jamaa zake wapo. Kinyume chake ni filamu fupi ya Maya Deren ya mwaka 1943, Meshes of the Afternoon, ambamo mwanamke anagawanyika na kuketi meza moja na nafsi zake mwenyewe. Hana bibi wa kumwita. Mwisho wake ni kifo.

Samehe ana bahati ya kuitwa, lakini je, mwitaji akiwa ndiye aliyemnyamazisha? Mbiti hamsaidii sana hapo. Jibu zuri zaidi alilitoa mwigizaji wa Samehe mwenyewe, Amandina Lihamba, nje ya filamu. Mwaka 1996 yeye na Penina Mlama, wote wanataaluma wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana hutaja wenyewe yanayowakwaza, hubishana juu ya chanzo chake, hutunga mchezo, kisha huuigiza mbele ya shule. Walimu huwa miongoni mwa watazamaji, na mchezo ukiisha nao wana maswali ya kujibu.