Anasa Inayobebwa Kichwani

Kila msimu wa kiangazi, malango ya Mlima Kilimanjaro ya Machame, Marangu na Londorosi hujaa wageni waliolipa maelfu ya dola ili wafike kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Baadhi yao wamenunua safari ya anasa: hema ambalo mtu husimama ndani bila kuinama, kitanda chenye godoro nene, hema la kulia chakula lenye meza, viti na kitambaa cha meza, na choo cha kubebeka chenye kijihema chake. Safari hizi ni ndugu wa zile za meli za kifahari zinazowapeleka matajiri kwenye fjodi za mbali na visiwa vya pengwini, ila mlimani hakuna injini ya kubeba godoro. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo waumini wa Moshi, Wakristo kwa Waislamu, hawana budi kulijibu, kwa sababu wengi wetu tunaishi kwa fedha za mlima huu: je, ni halali kununua starehe mahali ambapo starehe yote hubebwa na mwili wa mtu mwingine? Jibu langu ni kwamba ni halali kwa sharti moja. Haja ya mbebaji itangulie pambo la anayebebewa. Sharti hilo likivunjwa, safari hiyo ni dhuluma, hata kama mikataba imesainiwa na ada zote zimelipwa.

Tuyatazame kwanza maji ya kunawa. Kwa wanaopita njia ya Machame au Lemosho, maji ya mwisho kabla ya kilele hupatikana bonde la Karanga. Kambi ya Barafu, iliyo juu ya mita 4,600, haina kijito. Kwa hiyo kila kikombe cha chai kinachonywewa Barafu, kila bakuli la supu na kila beseni la maji ya uvuguvugu linalowekwa mbele ya hema la mgeni limepandishwa na mtu kutoka Karanga. Mgeni ananawa, maji yanamwagwa, na jasho la kijana wa Uru au Kibosho limekwisha ndani ya nukta chache. Choo nacho kina mtu wake. Asubuhi, wageni wanapokunywa chai, yeye hukimwaga, hukiosha na kukifunga, kisha hukipandisha ukuta wa Barranco, mahali ambapo hata asiye na mzigo hulazimika kushika miamba kwa mikono, naye hutakiwa kuwahi kambini ili mgeni akikute kimesimama tayari. Kanuni zinataka mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, na ndiyo maana langoni kuna mizani. Hata hivyo, mizani hupima mzigo tu. Haipimi viatu vya mbebaji, koti lake, mlo wake wala mahali atakapolala. Malalamiko ya wagumu, kama wapagazi wanavyojiita, yanajulikana mjini: mlo mmoja kwa siku, kulala kwa kubanana katika hema lile lile walimokula wageni, malipo yanayocheleweshwa, na tipu zinazopungua kadiri zinavyopita mikononi mwa watu. Mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, ulioanza Moshi mwaka 2003, huwaazima mavazi ya baridi bila malipo. Huduma hiyo ni ya heri, lakini ni ushahidi pia. Inaonyesha kwamba wapo watu wanaobeba starehe za wengine hadi kwenye barafu huku wao hawana koti.

Dini zetu hazikuliacha jambo hili gizani. Wanazuoni wa Kiislamu, tangu Imamu Ghazali aliyefariki mwaka 1111 hadi Shatibi wa Andalusia aliyefariki mwaka 1388, waliyapanga maslahi ya binadamu katika daraja tatu: dharura, ambazo zikikosekana uhai na dini huharibika; haja, ambazo zikikosekana maisha huwa ya dhiki; na tahsini, yaani mapambo yanayoyafanya maisha yapendeze. Mapambo hayakuharamishwa, lakini yana nafasi yake, na nafasi hiyo ni ya mwisho. Upande wa Kanisa, Thomas wa Akwino katika karne ya 13 alifundisha kwamba ziada aliyonayo tajiri ni stahili ya maskini kwa sheria ya maumbile, hivyo anayempa anatimiza wajibu. Torati iliamuru kibarua alipwe kabla jua halijazama, na Waislamu wamepokea kutoka kwa Mtume agizo la kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Ukiyaweka mafundisho haya pamoja na kuyapeleka Barafu, hukumu yake haina utata. Soksi kavu za mpagazi ni dharura. Mlo wake wa pili ni haja. Kitambaa cha meza ni pambo. Anayenunua pambo kabla dharura ya mwenzake haijatimizwa amelipindua jengo, paa likawa chini na msingi juu.

Wachagga nao walikuwa na hekima yao kabla ya misikiti na makanisa. Wazee walioelekea kilele cha Kibo walipomwomba Ruwa, Mungu wao, walijua pia kuugawa mlima. Mifongo, ile mifereji inayoshusha maji kutoka msituni hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, iliendeshwa kwa zamu na kwa kazi ya pamoja. Aliyetaka maji alitoka kwenda kuzibua na kukarabati mfongo, na aliyekwepa alitozwa faini. Mafundisho yaliyomo ni mazito: neema ya mlima haikuwa bidhaa ya mtu kuinunua huku akijitenga na jasho linaloifikisha kwake. Wala hekima hiyo haimtaki mgeni abebe godoro lake mwenyewe. Inamtaka akiri kwamba kazi iliyomfikishia maji inamhusu, na kwamba deni lake haliishii kwenye risiti.

Pingamizi la kwanza ni kwamba mpagazi amekubali kwa hiari. Hakuna aliyemfunga kamba. Alikwenda langoni mwenyewe kutafuta kazi, na akikosa anasikitika. Hilo ni kweli, lakini hiari ina vipimo. Kijana mwenye ada ya shule ya kulipa, ambaye kihamba cha babu kimegawanywa hadi kimebaki upana wa nyumba moja, na ambaye kahawa haimlipi tena kama ilivyowalipa wazee wake enzi za ushirika wa KNCU, atakubali karibu chochote. Sheria za dini kuhusu ujira ziliwekwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo hasa. Torati haikuhitaji kumlinda kibarua mwenye uwezo wa kukataa kazi. Iliona kwamba njaa hutia saini kwa niaba ya mtu, ikamkataza mwajiri kuitumia saini hiyo. Kukubali kwa mpagazi kunamwondolea mwajiri lawama ya kumteka. Hakumwondolei wajibu wa haki.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nalo husikika sana Moshi. Wanasema anasa ndiyo inayoleta ajira: mgeni anayetaka kitanda, kiti na choo huhitaji wapagazi wengi kuliko mgeni wa hema dogo, kwa hiyo anayeipiga vita anasa anawanyang'anya vijana ugali. Hoja hii naikubali, na kwa sababu hiyo sisemi anasa ipigwe marufuku. Lakini hoja hiyo ikifuatwa hadi mwisho inamgeukia mwenyewe. Ikiwa kinachohalalisha anasa ni manufaa ya mbebaji, basi manufaa hayo ndiyo kipimo chake, na anasa isiyomfikishia mbebaji ujira wa haki, mlo na joto imepoteza utetezi wake wa pekee. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji apate kibarua tu. Idadi ya walioajiriwa haitoshi kuwa jibu; mashamba ya watumwa ya Pemba na Unguja yalikuwa na watu wengi kazini.

Wapo watakaosema kinyume kabisa, kwamba anasa yoyote inaunajisi mlima. Hawa hutaja mfano wa hija: Makka mwenye mali na fukara huvaa ihramu ya namna moja, wakasimama Arafa bila vyeo. Kwa nini basi mtu apande mahali patukufu akiwa na godoro? Ninauheshimu mfano huo, ila nauona umepelekwa mbali mno. Hija ni ibada iliyoamriwa na yenye masharti yake; kupanda Kibo hakujaamriwa na dini yoyote, na mateso yenyewe hayana utakatifu. Mtungi wa oksijeni na machela ni huruma, na mzee anayehitaji kitanda ili mgongo wake umruhusu kuona mawio hana kosa. Hata hivyo, hija inatufundisha jambo moja linalohusu hoja hii. Ihramu haikuondoa tofauti za mali duniani. Iliwafanya watu waonane kama waja wa Mungu mmoja. Ubaya wa anasa ya mlimani huanza pale inapopangwa ili mgeni asimwone mbebaji: hema likutwe limesimama, maji yakutwe ya moto, uchafu uwe umetoweka. Huo si upofu mpya. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, na kilele kikapewa jina la mfalme wa Ujerumani. Ilichukua miaka mingi dunia kulijua jina la Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kwa kuwaonyesha njia. Usiku wa uhuru, Desemba 1961, Alexander Nyirenda alipandisha mwenge na kilele kikaitwa Uhuru. Jina hilo linatudai kitu.

Dunia nayo imeanza kukubali kwamba anayelipa hana ruhusa ya kila kitu. Antaktika, kanuni za safari za meli huzuia watu zaidi ya 100 kushuka ufukweni kwa wakati mmoja, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu kabisa, ili ndege na wanyama wasisumbuliwe. Norwei, Bunge liliamua mwaka 2018 kwamba meli za watalii ziache kutoa moshi katika fjodi za Urithi wa Dunia, utekelezaji ukapangwa kuanza 2026, huku meli kubwa zikipewa muda hadi 2032. Ikiwa starehe ya tajiri inaweza kupunguzwa kwa ajili ya pengwini, hakuna sababu ishindwe kupimwa kwa ajili ya binadamu. Na wabebaji wa gharama hawapo Barafu tu. Ukanda wa nusu maili uliotengwa mwaka 1941 ukingoni mwa msitu uliwapa wanavijiji kuni na majani ya ng'ombe. Mwaka 2005 msitu uliingizwa katika hifadhi, na matumizi hayo yakabanwa. Sababu ya kuulinda ni njema, kwa kuwa sehemu kubwa zaidi ya maji ya Kilimanjaro hutoka kwenye ukanda wa msitu na mvua zake kuliko kwenye barafu. Lakini mama anayekatazwa kukata majani pembeni ya njia anayopitishwa mgeni na viti vyake ana haki ya kuuliza nani analipia uhifadhi huu. Barafu yenyewe ilipungua kwa takriban asilimia 85 kati ya 1912 na 2007, kwa kukauka kwa hewa na kwa joto la dunia, ambalo chanzo chake kikubwa ni maisha ya starehe ya nchi za mbali. Huko nako pambo la mmoja limetangulia haja ya mwingine.

Basi hesabu ya safari ianzwe kutoka chini. Mwenye kampuni, na wengi wao hukaa viti vya mbele kanisani Jumapili au husimama safu ya kwanza msikitini Ijumaa, aanze kuandika bei kwa kuweka ujira wa mpagazi unaolipwa siku ya kushuka, milo yake, hema lake lisilovuja, viatu na koti. Hayo yakishatimia, aongeze godoro, viti na choo. Mgeni naye, kabla ya kulipa, aulize wabebaji wake watalala wapi na watakula nini, na asiridhike na jibu la jumla. Mashehe, wachungaji na mapadri wa Moshi walitaje jambo hili kwa jina lake mimbarini, kwa kuwa waumini wao wako pande zote mbili za mzigo. Na kampuni isiyoweza kulipia soksi kavu haina haki ya kuuza kitambaa cha meza.