Mbachao na Injini

Yako maswali ambayo watu huyaachia gereji, kama kwamba hekima haina kazi mahali penye grisi. Mojawapo ni hili: gari kongwe limekufa injini, je, mwenyewe atie injini nyingine, au atafute gari jingine? Fundi hulijibu kwa bei, jirani hulijibu kwa hadhi, na wa nyumbani hulijibu kwa kukumbusha ada ya skuli. Wote wana haki. Lakini chini ya majibu yao limelala swali la maadili, na lugha yetu ilikwisha kulijadili kabla injini hazijafika pwani. Wahenga walisema, “Usiache mbachao kwa msala upitao.” Wahenga hao hao wakasema, “La kuvunda halina ubani.” Methali ya kwanza humshika mkono anayetengeneza, ya pili humwambia aache kujitaabisha. Zote mbili ni za kweli. Kazi ya kufikiri ni kujua ipi ni ya lini.

Tuanze na hesabu, maana anayeidharau hesabu huishia kuwadhulumu wanaomtegemea. Moshi wa buluu ni dalili kwamba injini inaunguza oili yake yenyewe, na mara nyingi ringi za pistoni zimelika. Moshi mweupe usiokwisha, huku maji yakipungua, huonyesha kwamba maji yanapenya yasipostahili, pengine kwa kuungua gasketi. Mgongo wa ndani, ambao mafundi huuita kunoki, waweza kuwa ni beringi za krenki zilizokwisha. Maradhi haya si mamoja. Mengine hutibiwa kwa kufumua injini na kubadilisha vipuri. Mengine hudai injini nzima. Na injini ya mtumba, ijapokuwa nafuu, huja bila ya habari zake: aliyeifungua huko ilikotoka hakuandika iliendeshwa vipi, wala kwa nini iliachwa.

Kisiwani kuna hesabu ya pili. Upepo wetu umebeba chumvi, na chumvi ni mshirika wa kutu. Gari la bara laweza kufa injini huku mifupa yake ikiwa mizima. Letu mara nyingi mifupa ndiyo hutangulia. Kwa hivyo mwenye busara, kabla ya kuuliza bei ya injini, huinama chini ya gari akaigonga chesi kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hujibu kwa sauti iliyokufa na kumwaga magamba. Kutia injini nzuri juu ya chesi iliyooza ndiko hasa kufukiza ubani palipovunda.

Hapa falsafa huingia bila ya kubisha hodi. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, ameeleza kwamba Waathene walikihifadhi chombo cha shujaa Theseus kwa kuondoa mbao zilizooza na kutia nzima, hata wanafalsafa wakakifanya mfano wa kubishania: ni kile kile, au si kile tena? Katika karne ya 17 Mwingereza Thomas Hobbes akaongeza fundo: vipi kama mtu angeziokota zile mbao kuukuu, akaziunga upya kwa mpangilio ule ule? Waunda majahazi wa pwani huenda wangecheka, kwani kubadili ubao ni kazi yao, na chombo hakibadilishwi jina kwa sababu hiyo. Kadi ya gari nayo ina falsafa yake. Imeandikwa namba ya chesi na namba ya injini. Injini ikibadilishwa, namba yake hurekebishwa, na gari likabaki lile lile. Sheria imehukumu kwamba nafsi ya gari imo katika mifupa, si katika moyo.

Washairi walikwisha kuhukumu hivyo zamani. Chesi ya utenzi ni mishororo minne ya mizani nane nane. Ndiyo iliyoubeba Utendi wa Tambuka, ambao hati yake ina tarehe ya 1728, na habari zake za vita baina ya Waislamu na Warumi wa Mashariki. Chesi hiyo hiyo Shaaban Robert akaipakia vita vya 1939 hadi 1945, na haikupinda. Umbo likiwa zima, ukongwe wake si hoja ya kuliacha.

Mfano wa chuma tunao katika Ziwa Tanganyika. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikapelekwa Kigoma kwa vipande, na ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma vitani, mabaharia wenyewe waliizamisha karibu na mlango wa Mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha walizipaka mashine zake grisi nzito. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Katika miaka ya 1970 mashine zake za mvuke ziling'olewa zikatiwa za dizeli. Imebadilishwa jina, bendera na moyo, na bado hakuna aliyesema kwamba ni meli nyingine. Ile grisi naomba msomaji aiweke akilini.

Je, basi kutengeneza ni uaminifu, na kununua ni usaliti? Hasha. Chuma hakina haki ya kudai mapenzi yetu. Na methali ya mbachao haikuusifu ukongwe. Ilionya kwamba msala upitao si wako, nawe hujui umetoka wapi. Tuutazame basi msala wenyewe. Magari mengi ya kisiwani yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Huko gari binafsi jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Gari linapozeeka, wengi hupiga hesabu wakaona afadhali kununua jingine. Kwa hivyo gari tunaloliita jipya yumkini ni lile ambalo swali letu hili hili lilikwisha kuulizwa juu yake, na jawabu likawa kuachwa. Msala wetu upitao ni mbacha wa mtu mwingine.

Na mbacha wetu, je, utakuwa msala wa nani? Hili ndilo swali ambalo mafundi hawaulizwi. Anayesema “nitanunua jingine” huzungumza kama kwamba lile la kwanza litayeyuka. Haliyeyuki. Ama litalala chini ya mwembe likivuja oili, katika kisiwa ambacho maji ya kunywa hutoka chini ya ardhi hiyo hiyo; ama litauzwa. Na katika kuuza ndipo mtu hupimwa. Iko hila inayojulikana: injini iliyochoka hutiwa oili nzito, kugonga kukatulia na moshi ukapungua kwa siku chache, zinazotosha kupokea fedha. Anayenunua gari la namna hiyo kwa kawaida si tajiri. Ni kijana aliyekusanya akiba ya miaka apate kuendesha teksi, au baba aliyeuza shamba lake. Sheria ya Kiislamu ya biashara imemwajibisha muuzaji kuibainisha aibu ya bidhaa yake, na imempa mnunuzi hiari ya kuirudisha aibu iliyofichwa ikidhihirika. Wengi wetu tunaijua sheria hiyo. Tatizo ni kwamba tunaikumbuka zaidi tunaponunua.

Rai yangu, basi, ni hii. Chesi ikiwa nzima na hesabu ikiruhusu, mtu atie injini, asione haya mbele ya majirani. Chesi ikiwa imeoza, aliache gari bila ya majuto. Hana haja ya kujiona msaliti kwa chuma. Lakini ajue kwamba kuliacha hakumwondolei wajibu. Akiliuza zima, aliseme lilivyo; akiliuza vipande, asipitishe kibovu kwa jina la kizima. Bei itapungua, na upungufu huo ndio gharama halisi ya kununua jingine, ile ambayo hatukuiandika katika hesabu zetu.

Oili nzito ya muuzaji na grisi nzito ya mabaharia wa ziwani hazina tofauti kubwa kwa kuzitazama. Moja hupakwa ili anayefuata asijue. Nyingine ilipakwa ili anayefuata akute kitu kizima. Hapana shaka mabaharia wale walitumaini kwamba anayefuata watakuwa ni wao wenyewe. Hawakuwa wao, na grisi ikafanya kazi yake vile vile.