Kumtajia Askari Jina Lisilo Lako

 

Vijana wetu huuliza: mtu akisimamishwa na askari, naye hana kitambulisho, akajitaja kwa jina lisilo lake ili aachwe, je, ana kosa? Wengi husema, "Ni neno tu, halikumdhuru mtu." Basi na tulipime neno hili.

Sheria ya Adhabu ya Kenya, katika kifungu cha 129, yasema kuwa mwenye kumpa mtumishi wa serikali khabari aijuayo kuwa ni ya uongo, akikusudia atende asilolitenda lau angaliijua kweli, au atumie mamlaka yake kumdhuru mtu, aweza kufungwa hata miaka 3. Angalia, ewe ndugu, kuwa sheria haikutazama jina peke yake. Imetazama ujuzi na makusudio. Mtu ambaye mtaa mzima wamwita kwa lakabu, akaitaja pasi na nia ya kujificha, huyo si mwongo. Nasi twajua tangu chuoni kuwa amali hupimwa kwa nia.

Lakini asemaye "halikumdhuru mtu" amesahau kuwa kila jina lina mwenyewe. Tuseme kijana ameshikwa, akataja jina la mtoto wa ami yake, akaandikwa hivyo, akaachwa kwa dhamana asirudi kortini. Hati ya kukamatwa itatoka kwa jina la nani? Atakayegongewa mlango alfajiri ni yule aliyelala kwake hana khabari, na atakayelia ni mama yake.

Hapa ndipo lifikapo onyo la Sura ya An-Nisaa, aya ya 112, juu ya mwenye kufanya kosa kisha akamtupia asiye na hatia. Wafasiri wametaja kuwa sababu yake ni mtu wa Madina, wa ukoo wa Banu Ubayriq, aliyeiba deraya, kisha lawama ikatupwa kwa Yahudi asiyeiba. Na jamaa za mwizi wakasimama kumtetea mtu wao. Wahyi ukamtakasa yule Yahudi. Ikiwa ni dhambi kumtupia mtu wa dini nyingine, itakuwaje kumtupia ndugu yako wa damu?

Huenda mtu akasema: "Wako askari madhalimu, na majina yetu yenyewe hututia katika shaka. Je, wanavyuoni hawakuruhusu uongo wa dharura?" Naam, Imam Al-Ghazali ameeleza katika Ihyaa kuwa ni wajibu kumficha, hata kwa uongo, asiye na hatia anayetafutwa na dhalimu amwue. Lakini hiyo ni ruhusa ya kuokoa roho, si ya kukimbia faini. Na mafakihi wameweka kanuni kuwa dharura ya mmoja haibatilishi haki ya mwingine.

Na baina ya kusema kweli na kusema uongo pana njia ya tatu, nayo ni kuuzuia ulimi. Katika Hijra, mwaka 622, Abu Bakr aliulizwa njiani ni nani aliye pamoja naye. Akajibu kuwa ni mtu amwongozaye njia. Hakulitaja jina, wala hakusema uongo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 49, nayo yampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili. Dhulma ya askari na ikabiliwe kwa wakili na mbele ya hakimu, si kwa jina la jirani.

Ama aliyekwisha kutenda, asidhani kuwa istighfari ya msikitini yatosha. Toba ya haki za watu haitimii ila kwa kuirudisha haki kwa mwenyewe. Na amwendee aliyemtaja, amwambie, kisha aende na wakili wake jina lile likafutwe, kabla mlango haujagongwa.

Wallahu aalam.