Je, Aliyesahau Kosa Bado Anadaiwa?

Mtu akisahau ubaya alioutenda, je, ubaya huo umekwisha? Sisi tuliofundisha miaka mingi tumesikia "sikumbuki" mara nyingi, na si kwa watoto tu. Yafaa tulifikiri swali hili kwa mfano mmoja wa siku hizi.

Uko mchezo wa kompyuta uitwao Amnesia, yaani kupotewa na kumbukumbu, uliotolewa mwaka 2010 na Frictional Games, kampuni ndogo ya Sweden. Mchezaji huona kwa macho ya Daniel, Mwingereza anayezinduka mwaka 1839 katika ngome ya Brennenburg, Prussia, asikumbuke ila jina lake na machache mengine. Akuta barua ya mkono wake mwenyewe: alikunywa dawa ya kusahau kwa hiari yake, na sasa ashuke amwue bwana wa ngome, Alexander. Hana silaha. Zimwi likimjia, hukimbia au hujificha. Akikaa gizani, akili humpotea. Akiwasha taa, huonekana.

Mchezo huo ulisifiwa mno, na kufikia mwisho wa 2012 nakala zaidi ya milioni moja zilikuwa zimeuzwa. Vijana walijirekodi wakicheza na kupiga mayowe, na wenzao wengi wakawatazama na kucheka. Hatuwalaumu, nasi tulipokuwa wadogo tulipenda hadithi za mazimwi. Lakini twaona kwamba mayowe yale yalifunika jambo lililo zito kuliko mazimwi.

Kadiri Daniel ashukavyo, huokota kurasa za daftari lake, na kumbe mtesaji ni yeye. Alikuwa akiandamwa na kivuli cha mauti, na Alexander akamwahidi kwamba mateso ya wafungwa yatamwokoa. Aliambiwa kuwa wafungwa hao ni waovu, naye akasadiki, kwa kuwa kusadiki kulimfaa. Tena, wafungwa nao walinyweshwa dawa ya kusahau, ili wasiyazoee maumivu, wayaonje upya kila mara. Dawa moja: kwa mtesaji pumziko, kwa mteswa adhabu mpya.

Wengine watasema kwamba aliyesahau ni kama mtu mwingine, na kumwadhibu ni kumwonea. Hoja hii ina uzito. Hata darasani hatukumwadhibu mtoto kwa asilolijua. Lakini Daniel alichagua kutojua. Zaidi ya hayo, deni halikai kichwani mwa mdaiwa peke yake. Wazee walisema, mtenda husahau, mtendewa hasahau. Naye asiyekumbuka atatubu nini? Amejifungia mlango wa toba kwa mkono wake.

Mchezo una miisho kadhaa. Katika mmoja, Daniel amshinda Alexander, kisha atoka ngomeni akiridhika kwamba alilofanya lilikuwa haki. Lakini kumwangamiza uliyekosa pamoja naye si kuwalipa mliowakosea.

Sisi hatuna dawa ya ngome ile, ila tunayo mithali isemayo yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni neno jema likitoka kinywani mwa aliyekosewa. Likitoka kinywani mwa mkosaji, kabla hajaungama wala kurudisha alichochukua, hilo ni dawa ya Daniel. Tusiinywe, wala tusiwanyweshe wengine.